Kulinda Matunda Dhidi ya Joto na Ukame, Kuanzia Mtini Hadi Ghalani

Tunda lililochumwa bado liko hai. Linaendelea kupumua, kutumia sukari iliyomo ndani yake, kutoa joto na kupoteza maji kupitia ganda na kikonyo, lakini halipati tena chochote kutoka kwa mti uliolizaa. Ndiyo maana hakuna chumba cha baridi, nta wala dawa inayoweza kuongeza ubora wa tunda baada ya mavuno. Vyote hivyo hupunguza tu kasi ya ubora huo kupotea. Mkulima ambaye matunda yake huoza au kunyauka siku chache baada ya kuvunwa kwa kawaida hutafuta kosa ghalani au kwenye gari la mizigo, ilhali mara nyingi kosa lilitokea katika wiki za mwanzo za uhai wa tunda, mti ulipokuwa na kiu au ulipochomwa na jua. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno na kabla ya kuwafikia wauzaji wa rejareja, na kwamba matunda na mboga hupotea kwa kiwango kikubwa kuliko nafaka. Sasa mvua zinapochelewa, kisha zikanyesha zote kwa pamoja, na vipindi vya joto kali vikirefuka, haifai tena kuitenganisha kazi ya bustani na kazi ya ghala.

Maji: wakati wake ni muhimu kuliko wingi wake

Mti wa matunda unapokosa maji hufunga vitundu vidogo vya majani yake ili usikauke. Hatua hiyo huuokoa mti, lakini majani hayapoi tena kwa kutoa mvuke, utengenezaji wa sukari hupungua, na mwendo wa maji kutoka mizizini, ambao ndio unaobeba kalsiamu, hudhoofika. Kalsiamu ndiyo inayoshikamanisha kuta za seli za tunda. Tunda lililopata kalsiamu ya kutosha hubaki gumu kwa muda mrefu, hustahimili misukosuko ya kubebwa na huchelewa kushambuliwa na kuvu. Lililoikosa hulainika mapema hata kama lilipendeza siku ya mavuno. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba kalsiamu ikishafika kwenye jani haitoki tena humo kwenda kwenye tunda. Tunda hupata sehemu yake kubwa likiwa changa, katika wiki za kwanza baada ya maua kupukutika na vitunda kushika, kwa sababu wakati huo ganda lake bado hutoa mvuke kwa wingi na hivyo huvuta maji. Ganda likishakomaa na kujifunika nta, mvuto huo hupungua sana na majani huchukua karibu yote.

Kwa hiyo, mwenye maji haba asiyagawe sawasawa mwaka mzima. Miembe, kwa mfano, huhitaji kipindi cha ukavu au ubaridi kabla ya kuchanua, na kuimwagilia wakati huo huifanya itoe majani mapya badala ya maua. Maji yaliyookolewa hapo yatumike kuanzia vitunda vinaposhika hadi vinapokaribia nusu ya ukubwa wake, kwa kuwa kila siku ya kiu katika kipindi hicho huonekana baadaye katika ulaini wa tunda ghalani. Migomba na mipapai, ambayo huzaa mfululizo, haina kipindi kinachofaa kuachwa kavu, na anayeilima mahali pasipo na maji ya uhakika ni afadhali apande michache anayoweza kuihudumia.

Hatari nyingine huja karibu na mavuno. Ganda la tunda lililokaa katika ukame hukakamaa, na mvua kubwa ikinyesha ghafla, nyama ya ndani hujaa maji na kuvimba kuliko ganda linavyoweza kutanuka, kisha tunda hupasuka. Makomamanga na machungwa huathirika sana. Mpasuko unaoonekana kwa macho ni nusu tu ya hasara, kwani matunda mengi yanayobaki mazima huwa na nyufa ndogo mno ambazo kuvu hupitia wakati wa kuhifadhiwa. Kinga yake ni kuhakikisha udongo haukauki kabisa: endelea kutoa maji kidogo hata katika wiki za mwisho, na kama unataka kuongeza utamu kwa kupunguza umwagiliaji, punguza hatua kwa hatua.

Usiamini sura ya udongo wa juu unapoamua kumwagilia. Chimba hadi kina cha sentimita 30 kwenye ukingo wa kivuli cha matawi, kwa kuwa mizizi midogo inayonywa maji iko huko zaidi kuliko chini ya shina, kisha chukua konzi ya udongo na uifinye. Ikishikamana na kuacha unyevu hafifu kiganjani, subiri. Ikishikamana lakini ikameguka unapoigusa kwa kidole, ndio wakati wa kumwagilia. Ikitawanyika kama vumbi, umechelewa. Udongo wa kichanga haushikamani vizuri hata ukiwa na maji, hivyo kwa huo sikiliza ubaridi wake mkononi na utazame rangi yake. Unapomwagilia kwa ndoo au mpira, toa maji mengi yanayozama kisha upumzishe, badala ya kulowesha juu kila siku, maana maji ya juujuu hufundisha mizizi kukaa juu, mahali panapokauka kwanza. Umwagiliaji wa matone huokoa maji mengi zaidi. Pasipo mabomba, mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uliofukiwa kando ya mche na kujazwa maji, huvujisha unyevu polepole kadiri udongo unavyokauka.

Matandazo ya nyasi kavu, majani ya migomba au mabua yaliyokatwakatwa, yenye unene wa sentimita 8 hadi 10, hupunguza sana maji yanayopotea juani na huzuia udongo kupata joto kali linalounguza mizizi ya juu. Yatandaze kufikia ukingo wa matawi, lakini uache nafasi ya sentimita 20 kuzunguka shina, la sivyo gome litakaa na unyevu na kuoza. Kwenye mteremko, makinga maji yenye umbo la nusu mwezi, yakiwa na mdomo unaoelekea juu ya mteremko, hukusanya mvua chache zinazonyesha na kuziingiza ardhini.

Maji mengi kupita kiasi nayo huua, tena haraka. Mizizi iliyozama hukosa hewa. Mpapai unaweza kufa baada ya siku mbili tu za kusimama ndani ya maji, na mparachichi hushambuliwa na vimelea vya Phytophthora vinavyoozesha mizizi yake. Mahali panapotuama maji, panda juu ya tuta lililoinuliwa nusu mita au zaidi, na uchimbe mifereji kabla ya msimu wa mvua kuanza.

Chakula cha mti

Kosa linalorudiwa mara nyingi zaidi ni mbolea nyingi ya naitrojeni. Mti hunawiri, majani huwa ya kijani kibichi cha kupendeza, matunda huwa makubwa, na mwenye bustani huridhika. Lakini majani hayo mengi hushindana na matunda kupata kalsiamu, na seli za tunda huwa kubwa zenye kuta nyembamba. Tunda la namna hiyo halikai. Toa naitrojeni kwa kiasi, sehemu kubwa yake mara baada ya mavuno ili mti ujijenge upya, na uipunguze sana tunda linapokua. Potasiamu husaidia mti kufungua na kufunga vitundu vya majani na hivyo kutumia maji kwa busara, ila ikizidi nayo huizuia kalsiamu kuingia mizizini, kwa hiyo ni vyema udongo upimwe kabla ya kununua mbolea. Udongo wenye tindikali nyingi, yaani wenye pH iliyo chini ya 5.5, urekebishwe kwa chokaa. Ule ambao pH yake ni nzuri lakini kalsiamu yake ni ndogo uwekewe jasi. Samadi iliyooza vizuri na mboji huongeza uwezo wa udongo wa kushika maji, na kwa maoni yangu katika miaka ya ukame faida hiyo huipita hata ile ya virutubisho vyenyewe.

Kalsiamu inaweza pia kupuliziwa. Gramu 5 za kloridi ya kalsiamu katika kila lita ya maji ni kipimo cha kawaida, na hupulizwa mara kadhaa tangu vitunda vikiwa vidogo, jioni au alfajiri, kwani juani huunguza majani. Kwa kuwa kalsiamu haihami kutoka jani hadi tunda, dawa iliyolowesha majani pekee haina manufaa yoyote kwa tunda. Elekeza pua ya bomba kwenye matunda yenyewe, pande zote, hadi yalowe bila kuchuruzika.

Joto na jua kali

Siku isiyo na upepo, ganda la tunda lililo wazi juani linaweza kuwa na joto linalozidi la hewa kwa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi. Kwa matufaha, ambayo yamechunguzwa sana katika jambo hili, ganda linalofikia nyuzi 46 hadi 49 huku likipigwa na jua hubadilika kuwa la hudhurungi, na linapofikia takriban nyuzi 52 seli zake hufa. Kwenye embe au parachichi alama huanza kama doa la manjano iliyofifia upande unaotazama jua la alasiri, kisha hugeuka kahawia na kuzama kidogo. Ukilibonyeza kwa kidole gumba utasikia nyama iliyo chini yake ni ngumu kuliko kwingine, na sehemu hiyo ndiyo itakayooza kwanza tunda likiiva. Tunda lenye doa hata dogo litengwe siku ya mavuno na kutumiwa mapema.

Kinga ya kwanza ni majani ya mti wenyewe. Kupogoa ni kuzuri kwa sababu huingiza hewa na mwanga katikati ya mti, lakini anayekata matawi mengi msimu wa joto ukiwa umeanza huyaanika ghafla matunda yaliyozoea kivuli, nayo huungua ndani ya siku moja au mbili. Pogoa mara baada ya mavuno, na upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana na alasiri, uachwe na majani mengi zaidi. Shina na matawi makubwa yaliyobaki wazi baada ya kupogoa yapakwe chokaa au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji, ili gome lisipasuke.

Wavu wa kivuli unaozuia asilimia 20 hadi 30 ya mwanga hutosha kwa matunda mengi; wenye kivuli kizito zaidi hupunguza maua na rangi. Pasipo wavu, udongo mweupe laini wa kaolini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ukipuliziwa juu ya matunda na majani hubaki kama vumbi jeupe linalorudisha miale ya jua. Hurudiwa mvua ikiuosha, na huondolewa kwa kusugua wakati wa kuosha matunda. Kwa bustani ndogo, kuyafunika matunda kwa mifuko ya karatasi ni kazi ya mkono inayochosha, lakini huyakinga na jua, nzi wa matunda na mikwaruzo kwa wakati mmoja, na sijaona njia nyingine rahisi inayofanya yote matatu.

Wakati wa maua, joto kali huua chavua na huwafanya nyuki wapunguze kazi. Mti wenye maji ya kutosha hupoza maua yake kidogo, na nyuki wasifukuzwe: usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Upepo mkavu nao unyamazishwe kwa safu ya miti inayopitisha hewa kiasi, kwa sababu ukuta mzito hufanya upepo uzunguke kwa nguvu nyuma yake. Safu nzuri hukinga eneo lenye urefu wa takriban mara 10 ya kimo chake. Katika kupanda upya, chagua miche iliyounganishwa juu ya mashina yenye mizizi inayojulikana kuvumilia ukame au chumvi ya mahali husika, na uchanganye aina zinazochanua kwa nyakati tofauti, ili wiki moja ya joto isiharibu mazao yote.

Magonjwa yanayojificha hadi ghalani

Chule, ugonjwa wa kuvu unaoleta madoa meusi yanayozama kwenye maembe, mapapai na maparachichi, kwa kawaida hauanzii ghalani. Mbegu za kuvu hutua kwenye maua na vitunda vichanga wakati wa mvua au umande, hupenya kidogo chini ya ganda, kisha hulala kimya hadi tunda linapoanza kuiva na kinga yake kushuka. Hapo mnunuzi huona madoa na kudhani matunda yalihifadhiwa vibaya. Mapambano yafanyike msimu wa maua: kata na kuchoma vijiti vikavu, fungua katikati ya mti ili maua yakauke haraka, na kama mvua zinanyesha wakati huo, tumia dawa ya kuvu iliyosajiliwa kwa zao hilo, ukizingatia siku zinazotakiwa kupita kati ya kupulizia na kuvuna. Matunda yaliyoanguka yaokotwe mara kwa mara na kufukiwa kwa kina cha nusu mita au kufungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani, ili funza wa nzi wa matunda wasipate nafasi ya kukamilisha maisha yao.

Ipo pia njia mpya ya kuandaa tunda kwa ajili ya ghala likiwa bado mtini. Heksanali ni kiambata cha asili kinachopatikana katika mimea, ambacho huzuia kimeng'enya cha fosfolipasi D kinachoanza kubomoa utando wa seli tunda linapoiva. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, ulioendelezwa pamoja na vyuo na taasisi za India, Sri Lanka, Kenya na Tanzania, ulipulizia mchanganyiko wa heksanali kwenye maembe takriban siku 30 na siku 15 kabla ya mavuno, na matunda yakachelewa kuanguka mtini na kulainika baada ya kuvunwa. Itumie tu pale bidhaa yake inapokuwa imesajiliwa, na usiitazamie iponye tunda lililokosa maji.

Kuvuna

Tunda lililochumwa kabla ya kukomaa hunyauka badala ya kuiva, na lililochelewa huwa limeshatumia muda wake mtini. Embe lililokomaa hujaa mabega pembeni mwa kikonyo, na ukilikata moja kama sampuli, nyama inayogusa kokwa huwa imeanza kuwa ya manjano hata kama ganda ni la kijani. Papai huchumwa linapotoa mstari wa kwanza wa manjano. Kingo za kidole cha ndizi hupungua ukali na kuwa za mviringo. Machungwa, mananasi, zabibu na stroberi hayaendelei kupata utamu baada ya kuchumwa, hivyo ni lazima yaonjwe, au sukari yake ipimwe kwa kifaa, kabla ya kuamua. Joto kali hubadilisha hesabu ya siku tangu maua, kwa sababu tunda hukomaa mapema, na rangi nayo inaweza kuchelewa. Kwa hiyo kalenda ya miaka iliyopita isifuatwe bila kukata sampuli.

Vuna asubuhi, tunda likiwa na ubaridi wa usiku. Machungwa na ndimu, hata hivyo, yasubiri umande ukauke. Vifuko vya mafuta vilivyo kwenye ganda lake huwa vimejaa na kukaza alfajiri, na mkono ukilibana tunda hupasuka. Mafuta yaliyomwagika huunguza ganda, na siku chache baadaye huonekana alama zenye umbo la vidole. Tumia mkasi usio na ncha kali, na ukate kikonyo cha chungwa karibu kabisa na tunda kisije kikachoma mengine. Embe lifanyiwe kinyume: likatwe likiwa na kikonyo cha sentimita 5 au zaidi, kwa sababu utomvu wake huunguza ganda. Baadaye, kivulini, kikonyo kipunguzwe hadi sentimita moja na tunda lilazwe kichwa chini juu ya fito au wavu kwa nusu saa, utomvu udondoke bila kuligusa, wala tunda lisiguse udongo. Parachichi libaki na kipande kidogo cha kikonyo, kwa kuwa likinyofolewa huacha tundu la kuozea.

Saa za kwanza baada ya kuchuma

Kasi ya kupumua kwa tunda huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za joto. Maana yake ni kwamba saa moja juani, ambapo nyama ya tunda inaweza kupita nyuzi 35, hula sehemu ya uhai ambayo ingetosha kwa saa nyingi katika baridi, na hakuna namna ya kuirudisha. Kreti zilizojaa zisingoje gari pembeni mwa barabara. Zipelekwe chini ya mti au kibanda kila zinapojaa, zifunikwe kwa turubai ya rangi nyepesi iliyoinuliwa ili hewa ipite, na gari lipakiwe jioni au usiku inapowezekana.

Maji ya kuoshea yanastahili uangalifu kuliko yanavyopewa kwa kawaida. Tunda lenye joto likitumbukizwa katika maji baridi, hewa iliyomo ndani yake husinywa na ubaridi na huvuta maji kupitia kovu la kikonyo, na maji hayo huingia pamoja na vimelea vyote vilivyomo. Osha kwa maji yenye joto linalozidi la tunda kwa nyuzi chache, na kama unatumia maji baridi kwa makusudi ya kupoza, basi yawe safi na yenye klorini muda wote. Mililita 2 za dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 katika kila lita ya maji hutoa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita. Udongo na majani huimaliza klorini haraka, hivyo matunda yenye matope yasuuzwe kwanza kwenye maji mengine, na maji ya klorini yabadilishwe yanapoanza kuwa na rangi. Kwa maembe yenye historia ya chule, maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5, yaliyopimwa kwa kipimajoto na kukorogwa wakati wote, huua sehemu kubwa ya kuvu waliolala chini ya ganda. Jaribu kwanza kwa matunda machache, kwa sababu yasiyokomaa huungua.

Kuhifadhi na kusafirisha

Baridi ni msaada mkubwa, lakini matunda ya nchi za joto huumizwa nayo. Ndizi zihifadhiwe katika nyuzi 13 hadi 14. Chini ya hapo ganda huwa la kijivu na haziivi sawasawa. Maembe mabichi yanafaa nyuzi 12 hadi 13, mapapai na mananasi takriban 10, ndimu 9 hadi 10, na machungwa 3 hadi 9 kulingana na aina. Matufaha, zabibu na stroberi ndiyo yanayopenda ubaridi unaokaribia sifuri. Madhara ya baridi hujificha: embe hutoka ghalani likiwa zuri, kisha siku mbili baadaye ganda hutoboka vishimo na nyama hukataa kuiva. Unyevuanga uwe kati ya asilimia 85 na 95, kwani tunda lililopoteza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake kwa kutoa mvuke tayari huonekana limesinyaa.

Pasipo umeme, jengo dogo la matofali linalopozwa kwa mvuke wa maji hufaa sana mahali penye hewa kavu. Aina iliyobuniwa nchini India hujengwa kwa kuta mbili za matofali zilizoachana kwa sentimita 7 hadi 8, na nafasi ya katikati hujazwa mchanga. Mchanga na matofali hulowanishwa asubuhi na jioni, juu hufunikwa kwa mkeka au nyasi, na jengo zima huwekwa kivulini panapopita upepo. Katika hewa kavu, ndani yake joto hushuka kwa nyuzi 10 au zaidi na unyevuanga hufikia karibu asilimia 90. Palipo na hewa ya unyevunyevu, maji hayageuki mvuke kwa urahisi na faida huwa ndogo. Hapo fedha zitumike kwenye kivuli kizuri na usafirishaji wa haraka.

Matunda yanayoiva baada ya kuchumwa hutoa gesi ya etilini, na tunda moja lililoiva au kuumia huyaharakisha mengine yote. Usichanganye ndizi, maembe, maparachichi au mapapai yanayoiva na matunda mabichi unayotaka yakae, na chambua kila siku. Tumia kreti ngumu za plastiki zenye matundu badala ya magunia, na usizijaze kupita ukingo, la sivyo uzito wa kreti ya juu hubebwa na matunda ya chini. Unapotaka yaive, yatoe ghalani na uyaweke katika nyuzi 20 hivi pamoja na matunda machache yaliyoiva ndani ya chombo kilichofunikwa, ukifungua mara moja kwa siku ili hewa ibadilike. Kabidi ya kalsiamu isitumike kamwe: huwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, na nchi nyingi zimeipiga marufuku.

Kila mavuno, weka kando matunda machache ya kila sehemu ya bustani na uyaangalie yanavyoharibika hadi mwisho, ukiandika. Madoa meusi yaliyotawanyika juu ya ganda hukurudisha kwenye msimu wa maua na mvua zake. Kuoza kunakoanzia kwenye kikonyo huelekeza kwenye mti uliopata kiu na wenye vijiti vikavu ambavyo havikukatwa. Nyama iliyolainika ndani huku ganda likiwa bado zima ni dalili ya naitrojeni nyingi na kalsiamu kidogo. Kusinyaa bila kuoza humaanisha tunda lilichumwa changa, au lilikaa juani, au ghala lilikuwa kavu, na tarehe ulizoandika ndizo zitakazokuonyesha ni lipi kati ya hayo matatu.